Rais, rasi na rasilimali ni ndugu. Rasmi na rahisi si wa nyumba hiyo

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Kiswahili sekondari huku Tanga. Mwanafunzi wa kidato cha pili katoka kwenye kipindi cha jiografia, kaniuliza kama "rasi" ya Rasi ya Tumaini Jema na "rais" wa nchi ni neno moja. Nikamwambia nitamjibu. Ofisini mwenzangu akadai yote yanatokana na neno la Kiarabu la kichwa, na akaongeza rasilimali, rasmi, rasimu, rahisi, mpaka Rasta. Mwingine akacheka, akasema basi hata RAS, Katibu Tawala wa Mkoa, naye ni kichwa. Ukweli ni upi? Na kwenye insha wanafunzi waandike urais au uraisi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Mwenzako kapatia kwenye rasi, rais na rasilimali. Kwenye Rasta kapatia pia, ila kwa njia ya kuzunguka. Rasmi, rasimu na rahisi kayaokota njiani kwa sababu yanafanana sauti. Wa RAS alikuwa anatania, lakini utani wake una kazi, nitaurudia.

Kichwa kwa Kiarabu ni ra's. Hicho kialama cha juu katikati si pambo la maandishi, ni konsonanti kamili iitwayo hamza. Kiswahili hakina herufi yake, lakini koo zetu zinaifahamu. Mtoto akikataa uji husema "a-a!" Pale sauti inapokatika katikati ya a mbili ndipo hamza ilipo. Kwa hiyo mzizi wa neno hili una konsonanti tatu kama ilivyo kawaida ya Kiarabu: r, hamza, s. Neno lolote linalodai ujamaa na kichwa lazima liwe na hizo tatu, kwa mpangilio huohuo. Likikosa moja au likiwa na nyingine mahali pake, hata lifanane vipi, ni la watu wengine.

Shida ni kwamba sikio la Mswahili huimeza hamza. Su'āl imekuwa swali, mas'ala imekuwa masala, Qur'ān wengi wetu tunaitamka Kurani bila kukatika popote. Na ra's imekuwa rasi. Tena kwenye hili hatukuwa peke yetu: Waarabu wenyewe katika mazungumzo ya kila siku, Ghuba na kwingineko, husema rās kwa a ndefu. Mabaharia waliokuja kwa pepo za kaskazi hawakuwa wakizungumza Kiarabu cha vitabuni.

Na kwa mabaharia ndiko rasi ilikoingilia. Kwa Mwarabu, kichwa si kile cha shingoni tu. Ni sehemu ya juu ya kitu, mwanzo wake, na ile sehemu inayotangulia mbele. Ukiwa chomboni, ardhi iliyojitokeza baharini ndiyo unayoiona kwanza, na ndiyo unayopaswa kuizunguka kwa tahadhari. Ndiyo maana ramani ya bahari yetu imejaa vichwa. Oman kuna Ras al-Hadd na Ras al-Jinz, wanakotagia kasa. Somalia kuna Ras Hafun, ncha ya mashariki kabisa ya bara la Afrika. Unguja kuna Ras Nungwi, Pemba kuna Ras Kigomasha na Ras Mkumbuu yenye magofu, Mafia kuna Ras Kisimani, kusini ya Dar kuna Ras Kutani. Wewe uko Tanga, hata huna haja ya kufika mbali: mpeleke mwanafunzi wako Ras Kasone, asimame kwenye ncha atazame bahari, ataelewa kwa nini mtu aliona kichwa pale.

Angalia pia kwamba majina ya mahali yamebaki na "Ras" bila irabu ya mwisho, kama yalivyoandikwa kwenye ramani, ilhali neno la kawaida limevaa i likawa rasi, kwa kuwa Kiswahili hakipendi neno lifungwe na konsonanti. Baadaye vitabu vya jiografia vikalipanua. Leo rasi ni ile ncha, lakini pia ni nchi kavu yote iliyozungukwa na maji pande tatu, ndiyo maana tunasema Rasi ya Arabuni. Hapo Mwarabu angeshangaa kidogo, maana yeye nchi hiyo haiiti kichwa. Anaiita Jazīrat al-ʿArab, kisiwa cha Waarabu, na ile runinga ya Al Jazeera imechukua jina lake hapo.

Sasa rais. Kiarabu huchukua konsonanti za mzizi na kuzimimina kwenye kalibu za irabu. Kalibu moja maarufu ni ile ya karīm, raḥīm, ʿazīz: a fupi kwanza, halafu i ndefu. Hutaja mwenye sifa fulani. Ukiimiminia r, hamza, s unapata ra'īs, yaani aliye kichwa cha wenzake. Sikiliza mtangazaji wa redio anaposema "Rais wa Jamhuri ya Muungano". Anatamka ra, halafu i peke yake, silabi mbili zilizotengana. Hasemi "rayisi". Pengo hilo kati ya a na i ni mahali hamza ilipokuwa imekaa. Imeondoka, lakini kiti chake bado kipo.

Ra'īs wa Kiarabu ana kazi nyingi kuliko wetu. Mhariri mkuu wa gazeti ni ra'īs, mkuu wa idara ya chuo ni ra'īs, waziri mkuu ni ra'īs wa mawaziri, mwenyekiti wa chama cha wavuvi ni ra'īs. Misri mtu wa kawaida humwita bosi wake rayyis, na kwa muda mrefu nahodha wa chombo aliitwa hivyohivyo. Waturuki walilichukua neno wakalitamka reis, na Piri Reis, aliyechora ile ramani mashuhuri ya dunia mwaka 1513, alikuwa mtu wa majahazi ya vita ya Dola ya Uthmaniya. Reis ni cheo chake cha baharini. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1037, wanafunzi na wafuasi wake walimwita al-Shaykh al-Ra'īs, na hakuwahi kuwa mkuu wa nchi yoyote. Neno likavuka tena hadi Kiurdu na Kihindi, huko likageuka: raees ni mtu tajiri, wa ukoo mkubwa.

Kiswahili chetu kimelibana. Mkuu wa kikao ni mwenyekiti, mkuu wa gazeti ni mhariri mkuu, mkuu wa chombo ni nahodha (hilo ni la Kiajemi). Rais tumemtengea kiti cha juu cha nchi. Na hapo historia imesaidia. Enzi za ukoloni tulikuwa na gavana, Zanzibar ilikuwa na sultani. Zilipokuja jamhuri ilihitajika cheo ambacho hakijachafuliwa na hao wawili. Tanganyika ikampata Rais wake wa kwanza, Nyerere, tarehe 9 Desemba 1962. Zanzibar ikampata Karume baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na Kenya ikampata Kenyatta tarehe 12 Desemba mwaka huohuo. Tangu hapo ukisema "Rais" bila kuongeza kitu, hakuna anayeuliza rais wa nini. Mpira tu ndio umeanza kulegeza kamba: tuna rais wa FIFA, rais wa shirikisho, rais wa klabu. Kwa hilo wana michezo wamekaribia Kiarabu kuliko wanasiasa, ingawa sidhani kama walikusudia.

Rasilimali ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu ndani yake kuna sentensi nzima iliyokunjwa. Ni ra's al-māl, kichwa cha mali. Ile "il" au "li" ya katikati ni al ya Kiarabu iliyonasa kama mwiba, ndiyo maana utaona watu wanaandika rasilmali, raslimali, rasilimali. Kichwa cha mali ni ile fedha ya kwanza unayoingia nayo sokoni kabla ya faida. Kurani inalitumia neno hili kwa maana hiyohiyo katika Surat al-Baqara, aya ya 279, kwenye makatazo ya riba. Anayetubu anaambiwa kwamba chake ni vichwa vya mali yake tu, asidhulumu wala asidhulumiwe. Yaani ukikopesha laki moja, laki moja ndiyo kichwa, ichukue. Kilichozidi achana nacho. Kwenye fiqhi ya biashara, yaani sheria za Kiislamu za biashara, neno limebaki hivyo hadi leo: katika mauzo ya salamu, ambapo mnunuzi analipa leo na kupokea mazao msimu ukifika, zile pesa za mwanzo zinaitwa ra's al-māl.

Maana ya zamani ya rasilimali katika Kiswahili cha pwani ilikuwa hiyo ya mtaji wa mfanyabiashara. Leo neno limehama. Muuza mitumba hasemi amepata rasilimali, atasema amepata mtaji. Rasilimali zimekuwa madini, misitu, gesi, maji, na siku hizi hata sisi wenyewe, maana kila ofisi ina mkurugenzi wa rasilimali watu. Nadhani sikio limechangia uhamisho huo. Mtu akisikia "rasilimali" husikia "asili" mle ndani, na jirani yake "maliasili" yupo palepale akimthibitishia. Lakini asili ni mzizi mwingine kabisa, wenye hamza mwanzoni, s nzito katikati na l mwishoni. Ukimkuta mwanafunzi anaeleza kwamba rasilimali ni "mali ya asili", usimcheke, watu wazima wengi wanaamini hivyo. Mwandikie ubaoni rasi + li + mali, amalizie mwenyewe.

Ukitaka kuona jinsi mzizi huu ulivyo na matawi huko kwao, yapo mengi ambayo sisi hatukuyachukua. Mahali ulipozaliwa ni masqaṭ al-ra's, "pale kichwa kilipoangukia", kwa kuwa mtoto hutangulia kichwa. Na neno hilo la kwanza linaandikwa kwa herufi zilezile za mji wa Masqat. Mtu aliye chini ya mkuu anaitwa mar'ūs, kwa kalibu ileile iliyotupa marehemu, mashuhuri na maarufu. Ni kana kwamba tungesema "aliyekichwiwa". Kiswahili kingekataa, na kingekuwa na haki. Anayeuza vichwa vya kondoo sokoni ana jina lake pia, ra''ās. Ukimwomba Mwarabu jambo, akikujibu "juu ya kichwa na jicho", amekubali kwa moyo mmoja. Mwaka mpya ni kichwa cha mwaka. Ng'ombe na mbuzi huhesabiwa kwa vichwa. Na katika Surat Maryam, Nabii Zakaria analalamikia uzee kwa kusema mifupa imedhoofika na kichwa kimewaka mvi, kama moto. Nimefundisha aya hiyo kwa miaka mingi na bado kitenzi kile cha kuwaka hunisimamisha.

Angani nako vimo. Waarabu walizipa nyota majina kwa sehemu za mwili wa taswira walizoziona, na Wazungu waliyachukua majina bila kuyatafsiri. Rasalhague ni kichwa cha mcheza na nyoka. Algol ni ra's al-ghūl, kichwa cha zimwi, na hapo neno kichwa limeanguka, limebaki zimwi peke yake. Wenye kupenda tenzi watalikumbuka jina hilo, maana pwani tunao utenzi mrefu wa Rasi 'l-Ghuli, adui wa Waislamu wa mwanzo katika hadithi hiyo.

Hapa niseme jambo ambalo wengi hulipita. Kiswahili hakikuchukua mzizi. Kilichukua maneno yaliyokwisha kuiva, moja moja, kwa nyakati na njia tofauti: rasi kwa njia ya mabaharia, rasilimali kwa wafanyabiashara na wanavyuoni, rais kwa siasa. Mashine ya kuyatengeneza ilibaki Uarabuni. Wingi wa ra'īs kwa Mwarabu ni ru'asā'. Sisi tumesema marais, kwa ma- yetu. Cheo chenyewe kwao ni ri'āsa. Sisi tumeweka u- yetu tukapata urais. Ndiyo maana Mswahili wa kawaida haoni undugu wa maneno haya matatu: yamevaa nguo tofauti na hayatoki kwenye kiwanda kinachofanya kazi kichwani mwake. Mwanafunzi wako kaona kwa macho yake mwenyewe kitu ambacho lugha haimwoneshi, mpe maksi zake.

Tena hatukukihitaji kile kichwa cha Kiarabu kwa matumizi ya kila siku, kwa sababu chetu kilikuwa kinafanya kazi hizohizo. Tuna kichwa cha habari na kichwa cha treni. Wazee walitozwa kodi ya kichwa na serikali ya kikoloni. Kondakta wa daladala anayemwambia dereva "bado vichwa viwili" anahesabu abiria kama Mwarabu anavyohesabu mbuzi, na hakuna aliyemfundisha. Kijana mwenye akili shuleni ni kichwa. Njia za maana zinafanana bila mtu kumwazima mwenzake. Kilichoazimwa ni sauti tu.

Turudi kwa waliodandia. Rasmi na rasimu zina m mwishoni, na m hiyo ni ya mzizi, haikuongezwa. Ni r, s, m, hamza haimo. Rasm ni mchoro, alama iliyotiwa juu ya kitu. Waliosoma chuoni watalikumbuka kwenye rasmu ya Uthmani, ule mtindo wa maandishi ya msahafu. Kinachochorwa kwanza kabla ya kukamilishwa ni rasimu, na kilichowekewa alama kikatambulika ni rasmi. Mhariri akiandika "Rais apokea rasmi rasimu ya Katiba", kama ambavyo tungeweza kusoma mwaka 2013 wakati wa Tume ya Warioba, ametumia mizizi miwili: wa kwanza ni wa kichwa, wawili wanaofuata ni wa mchoro.

Rahisi imetoka mbali zaidi. Kiarabu chake ni rakhīṣ, chenye bei ya chini, kwa kh ya kooni na s nzito. Kiswahili kikailainisha kh kuwa h, s nzito kuwa s ya kawaida, na hapo rahisi ikaanza kufanana na raisi. Ndugu yake halisi ni ruhusa, au ruksa, kwa kuwa mzizi wenyewe ni wa kulegeza: bei ikilegea ni rahisi, sharti likilegea ni ruhusa. Wakubwa wanamkumbuka Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeongoza kuanzia 1985 hadi 1995 na watu wakampachika jina Mzee Ruksa. Basi Ruksa yake na urahisi ni damu moja, urais wake ni wa ukoo mwingine.

Rasta ni kweli ni kichwa, ila si kichwa cha Kiarabu. Kiamhari, lugha kubwa ya Ethiopia, ni ya familia moja na Kiarabu, na ras kwao ni kichwa na pia ni cheo cha mkuu wa jimbo au jeshi, chini ya mfalme. Ras Tafari Makonnen alitawazwa Novemba 1930 akawa Mfalme Haile Selassie, na Wajamaika waliomwamini wakabeba jina lake la zamani. Kijana wa Tanga mwenye nywele ndefu anayeitwa "ras" kijiweni ameitwa kichwa, kupitia Addis Ababa na Kingston. Ni binamu wa rais, si ndugu wa tumbo moja. Kwenye familia hiyohiyo wamo Waebrania, wenye rosh, na sikukuu yao ya mwaka mpya, Rosh Hashanah, nayo ni kichwa cha mwaka kama ilivyo kwa Waarabu. Wafoinike waliiita herufi yao moja kichwa, Wagiriki wakaichukua ikawa rho, Warumi wakaigeuza ikawa R. Kwa hiyo herufi ya kwanza ya maneno yote tuliyoyajadili, hata yale yaliyodandia, iliwahi kuitwa kichwa. Hilo mwambie mwenzako wa ofisini, apate cha kujifariji.

RAS wa mkoa ni kifupisho cha cheo cha Kiingereza cha Katibu Tawala wa Mkoa. Herufi tatu zimekutana kwa bahati. Lakini mfano huo utumie darasani kabla ya mingine yote, kwa sababu kila mwanafunzi anajua kwamba kifupisho hicho hakikutoka Uarabuni, na hapohapo ataona kuwa kufanana sauti hakutoshi. Kisha uwaulize wanaosoma madrasa, darasani hawakosi: nani anaweza kuandika rais, rasmi na rahisi kwa herufi za Kiarabu? Yakikaa ubaoni kwa herufi zake, utaona hamza imekaa kwenye moja tu, na sīn, s ya kawaida ya maneno mawili ya mwanzo, si ṣād, s nzito ya la tatu. Dakika tano zinatosha.

Kuhusu insha: waandike rais, marais, urais. Ndiyo tahajia ya vyombo vya serikali na magazeti, na mtahini ameizoea. Katika kutamka karibu sote tunaongeza i nyembamba mwishoni, ra-i-si, na mkazo unaangukia kwenye i ya katikati kama kanuni ya Kiswahili inavyotaka. Raisi na uraisi utayakuta kwenye maandiko ya zamani na hata sasa kwa waandishi wa Kongo, na ukiniuliza mimi, ndiyo yanayofuata silabi za Kiswahili vizuri zaidi. Lakini mwanafunzi wa kidato cha pili asiende kuupigania mfumo wa silabi kwenye chumba cha mtihani. Na upatanisho usisahaulike: rais anafuata ngeli ya watu, "Rais amesema, marais wamesema", rasi inafuata I-/ZI-, "rasi hii, rasi hizi", na rasilimali ni "rasilimali yetu, rasilimali zetu". "Marasilimali" ukiliona kwenye daftari, lipige mstari mwekundu.